Waliochelewa Kuondoka

Mimi ni fundi saa, na fundi saa ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona saa mbili zinapishana akanyamaza. Nikiingia nyumba ya watu nikakuta saa ya ukutani iko nyuma dakika nne, chai hainishuki. Nasema haya mapema ili ujue kwamba kosa nililofanya halikutokana na uvivu. Wavivu wana makosa yao, na mengi ni madogo. Langu lilitokana na bidii.

Kibanda changu kilikufa watu walipoanza kutazama saa kwenye simu. Nilikaa miezi mitano nikipangusa vioo vya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Siku moja akaingia mwanamke mrefu, miwani kaipandisha kichwani, kifuko cha nailoni mkononi. Akamwaga mezani vidude sita, kila kimoja hakifiki gramu mbili, akaniuliza kama naweza kuvifungua bila kuviua. Nikamwambia, mama, mimi nimefungua saa za mabibi harusi ambazo ukizipigia chafya huzioni tena. Akacheka mpaka miwani ikamdondokea puani. Wiki iliyofuata nilikuwa na meza yangu na taa yangu kwenye kituo cha utafiti wa ndege wa baharini, na mpaka leo, nikipita mlango ule asubuhi, namshukuru Mungu kabla sijavua koti.

Huyo mwanamke ndiye Daktari. Si daktari wa sindano, ni wa ndege. Ndege wake ni wa kijivu, ukubwa wa njiwa aliyeshiba, mabawa marefu. Wanazalia kwenye kisiwa kilicho mbali kidogo na mji wetu, nusu siku kwa boti. Hawajengi kiota mtini. Wanachimba shimo ardhini refu kama mkono wa mtu, na humo mama anataga yai moja tu kwa mwaka. Msimu ukiisha wanaondoka, wanavuka bahari kuu mpaka upande wa pili wa dunia, na mwaka unaofuata wanarudi kwenye shimo lilelile. Daktari alitaka kujua mambo mawili: wanaondoka lini, na wanapita wapi.

Ndipo vidude vinapoingia. Kila ndege anafungwa kidude kimoja mguuni, pembeni ya pete yenye namba yake. Kidude chenyewe ni mjinga. Hakijui bahari wala nchi kavu. Kinajua kuna mwanga au hakuna, na kinakumbuka ilikuwa saa ngapi. Lakini ukijua jua lilichomoza saa ngapi na kutua saa ngapi mahali alipokuwa ndege, unaweza kupiga hesabu ukajua alikuwa wapi. Mwaka ukizunguka, ndege akirudi shimoni, kidude kinafunguliwa na kutumwa kwangu ndani ya bahasha iliyoandikwa namba ya pete. Nakisafisha, nakifungua, nachota kumbukumbu zake kwenye kompyuta, natazama kama ni kizima. Vizima vinakwenda kwa Daktari. Vibovu vinaingia kwenye kopo la biskuti juu ya rafu yangu, na nikihitaji betri au kibanio cha kufufulia kingine, nachomoa humo.

Kanuni ya kutenga kizima na kibovu niliitunga mwenyewe. Saa inayoshika na kuachia ina waya uliolegea. Hilo hata mwanafunzi wa ufundi analijua. Basi nikikuta kidude mwanga wake umekufa siku nzima nzima, kisha ukafufuka, kisha ukafa tena, nasema kijicho chake cha kunasa mwanga kinashika na kuachia. Giza likizidi siku tatu, kopo. Nilimweleza Daktari wiki ya kwanza naye akaitikia huku kichwa chake kikiwa kwenye faili jingine. "Sawa, Fundi. Hayo wewe ndiye unayeyajua."

Na kisiwani sijawahi kufika. Walinialika mara mbili, mara mbili nikasingizia mgongo. Ukweli ni kwamba tumbo langu na bahari haviamkiani. Kwa hiyo ndege wetu niliwajua kwa mguu tu, namba baada ya namba, kama karani wa gereza.

Mwaka huo vilikuja vidude arobaini. Ishirini na viwili vilikuwa vizuri mno, mistari imenyooka, usiku na mchana vinafuatana kwa adabu. Kumi na nane vikaenda kopo. Daktari akapiga hesabu zake, akapata jibu safi kuliko alivyotarajia: ndege wanaondoka kati ya tarehe nane na kumi na mbili ya mwezi wa nne. Jibu lilihitajika upesi. Alhamisi kamati ya uvuvi ingekaa kuamua ile bahari inayozunguka kisiwa ifungwe mpaka lini kwa vyombo vya mishipi mirefu. Hiyo ni mishipi inayoburutwa na ndoano maelfu, kila ndoano na chambo chake. Ndege anaona chambo, anadaka, anazama nacho. Kamati ilishakubali kufunga mpaka ndege waondoke. Kilichobaki kilikuwa tarehe. Daktari alishawadokeza tarehe kumi na tano ya mwezi wa nne, akaiandika. Barua ilikuwa juu ya meza yake, imebaki kutiwa sahihi tu.

Jumatatu akaingia Bi Shimo.

Huyu ndiye anayekaa kisiwani miezi minane kwa mwaka, akilala kifudifudi na kuingiza mkono mashimoni mpaka begani kuona yuko nani na anafanya nini. Ni mama wa makamo yaliyokwisha kuelekea uzee, mkono wa kulia wa kila gauni lake umechakaa begani, na vidole vyake vina makovu ya midomo ya ndege. Hilo jina tulimpa sisi naye analipenda. Daftari lake la mashimo haliachi kisiwani hata kwa dawa, kwa kuwa kila siku analinganisha shimo la mwaka huu na la mwaka jana; linakuja mjini naye, na linaondoka naye.

Nilimwamkia, akaniitikia "Marahaba, mwanangu, umenenepa," akapita kwa Daktari. Chumba changu na cha Daktari vimetenganishwa na ubao mwembamba. Sikutega sikio. Ubao ndio ulionitegea.

"Tarehe kumi na mbili wote wameondoka?" Bi Shimo alikuwa anasoma ile barua. "Wote hawa akina nani?"

"Ndege wetu, Bi Shimo. Ishirini na wawili."

"Mwenzangu, mwaka jana tarehe kumi na mbili nilikuwa napima makinda. Tumbo la kila kinda limejaa. Nani aliyewalisha, mimi?"

"Labda wachache walibaki."

"Wachache! Tarehe ishirini na tano bado wanaingia na samaki kooni."

Kisha nikamsikia Daktari akisema, taratibu, bila ubishi: "Vidude havina sababu ya kusema uongo. Na Fundi amevikagua kimoja kimoja. Yule mtu nikimpa kitu akaniambia ni kizima, silali nikikifikiria."

Ningeambiwa jambo hilo wiki moja kabla, ningetembea kifua mbele mpaka nyumbani. Siku hiyo niliweka bisibisi chini. Bi Shimo si mtu wa kuota ndoto mchana. Kama anasema aliwaona, aliwaona. Na kama vidude vyangu vizima havikuwaona, basi viliona nini vile vingine?

Nikateremsha kopo. Nikachukua kidude cha juu, nikachota kumbukumbu zake ambazo sikuwahi kuzitazama zaidi ya dakika moja. Giza siku nane. Mwanga siku saba. Giza siku tisa. Mwanga siku nane. Giza siku saba. Nikachukua cha pili: mwanga saba, giza nane, mwanga tisa, giza nane. Waya uliolegea haufanyi hivyo. Waya uliolegea ni mlevi, hana ratiba. Hii ilikuwa zamu, kama ya walinzi.

Nikatoka kwenye korido nikamsubiri Bi Shimo. Nikamuuliza, kana kwamba naulizia hali ya hewa, hawa ndege wakiatamia inakuwaje.

"Wanapokezana," akasema. "Mama anakaa shimoni, baba anakwenda baharini kula. Akirudi, anaingia yeye, mama anatoka. Mwezi na nusu na zaidi, mpaka yai lianguliwe."

"Na zamu moja ni muda gani?"

"Siku saba, nane, tisa. Inategemea mwenzake amechelewa wapi."

"Humo ndani kuna mwanga?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana maji. "Shimoni, mwanangu?"

Vile vidude kumi na nane havikuwa vibovu. Vilikuwa miguuni mwa ndege waliokuwa wamekalia yai gizani, wiki baada ya wiki. Na vile ishirini na viwili nilivyovisifu kwa mistari iliyonyooka vilikuwa vya ndege ambao yai lao lilivunjika mapema, au hawakutaga kabisa, wakawa wanazunguka juu ya maji usiku na mchana. Bila yai la kukalia na bila kinda wa kulisha, waliondoka mapema. Mimi, kwa kanuni yangu nzuri, niliwatupa wazazi wote kwenye kopo la biskuti, nikamletea Daktari wasio na watoto tu, naye akaandika tarehe. Chombo cha kwanza cha mishipi kingeingia tarehe kumi na sita, siku ambazo wazazi wote bado wanatoka na kurudi kutafutia makinda chakula.

Na kuna jambo baya zaidi. Kati ya vile kumi na nane, saba nilishavichinja kwa ajili ya betri na vibanio. Kumbukumbu zao zilikwenda na takataka.

Nilikwenda nyumbani kula cha mchana, sikula. Tulikuwa na pacha wa miezi saba, wa kike wawili, na mama yao wakati huo alikuwa ameacha kazi ya ushonaji kwa mwaka mzima. Alikuwa amempakata mmoja, mwingine amelala kwenye godoro miguu juu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, sijavua hata viatu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyo dume la ndege analalia yai siku nane bila kutoka?"

"Ndiyo."

"Wewe nilikuachia hawa saa moja nikaoge, ukaniita mara nne."

"Mama Pacha, nimekuja na msiba, wewe unanitania."

"Nakutania ili ukae." Nikakaa. Akanipa yule mtoto aliyekuwa mikononi mwake. "Daktari anajua?"

"Hajui. Na akijua, kazi hiyo imekwisha. Aliniamini, nami nimemharibia miaka miwili. Barua hajaisaini. Nikinyamaza, Alhamisi inapita, na hakuna atakayejua kilichokuwa kwenye kopo."

Akamfunika yule aliyelala kwenye godoro. Nilijua anawaza kodi, maziwa, na miezi mitano ile ya kupangusa vioo, maana hata mimi nilikuwa nawaza hayohayo. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Nenda kamwambie. Tuliishi kabla ya kituo, tutaishi baada yake. Ila mimi siwezi kuishi na mtu anayeshtuka kila akiona kopo la biskuti."

Nimeoa vizuri. Nalisema hapa kwa maandishi kwa sababu mdomoni huwa nalisahau.

Jumanne asubuhi nilifika kabla ya Daktari. Alipoingia, kalamu tayari mkononi, barua mbele yake, nikaweka kopo juu ya hiyo barua. Nikasema yote. Sikupunguza neno: kanuni niliitunga mimi, vidude kumi na nane, saba nimevichinja, kosa ni langu, na tarehe uliyoandika ni ya ndege waliopoteza mayai.

Akavua miwani, akaiweka mezani, akatoka. Dirishani nikamwona akitembea kulizunguka jengo. Alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu kwenye mfuko, maana hizo ni zangu mwenyewe, nilikuja nazo. Mara ya tatu hakupita. Aliingia.

"Weka hizo chini," akasema. "Ungeniambia Ijumaa ningekufukuza, na ningekulilia kidogo. Umeniambia Jumanne. Kumebaki vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Na mimi niliitikia. Ulinieleza kanuni yako wiki ya kwanza nikaitikia bila kusikiliza. Mtu aliyesomea ndege miaka yote hii." Akavuta kiti karibu na meza yangu. "Haya. Mwite Bi Shimo na daftari lake. Tunazo siku mbili."

Nimefanya kazi na watu wengi. Wengi wao, ukiwaonyesha kosa lako, wanalivaa begani kama bendera na kutembea nalo mjini. Yeye alivuta kiti. Mpaka nizikwe nitamshukuru kwa kile kiti.

Tulifanya hivi. Mimi nachota kumbukumbu, nasoma namba ya pete kwa sauti. Bi Shimo anapekua daftari, anasema shimo lipi na mwisho wake ulikuwaje. Daktari anapiga hesabu. Kidude cha kwanza: "Shimo la arobaini na mbili," akasema Bi Shimo. "Kinda alitoka mzima, mnene, tarehe tatu ya mwezi wa tano." Daktari akainua kichwa baada ya dakika ishirini: mzazi aliondoka tarehe thelathini ya mwezi wa nne, siku tatu tu kabla ya kinda, kama ilivyo desturi yao. Cha pili: kinda mzima, mzazi kaondoka tarehe ishirini na tisa. Cha tatu, tarehe moja ya mwezi wa tano. Kisha tukavirudia na vile ishirini na viwili, tukaviwekea mashimo yao. "Yai lilivunjika wiki ya kwanza," anasoma Bi Shimo. "Hakutaga. Yai lilioza. Hakutaga. Huyu, mafuriko yaliingia shimoni." Alisoma bila huzuni na bila haraka, kama mtu anayewafahamu. "Sasa Daktari, yai likivunjika akae kufanya nini? Anaondoka. Mwenye kinda ndiye haondoki."

Jumatano mchana ramani ilikamilika, na ilikuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Wale walioondoka mapema, katikati ya safari, walisimama mahali penye chakula kingi wakapumzika wiki mbili. Wazazi waliondoka nyuma yao karibu siku ishirini. Walipofika mahali palepale, hawakusimama. Mmoja alikaa siku moja, wengine hata moja hawakukaa. Walipita moja kwa moja, na upande wa pili wa dunia walifika wamechelewa siku nne tu, tano zikizidi. Nne, baada ya yote hayo. Daktari aliutazama ule mstari wa kalamu nyekundu ukipita juu ya mahali pa kupumzikia bila hata kupinda. Hakusema neno la kitaalamu. Alisema, "Masikini."

Nilipomsimulia Mama Pacha jioni, hakushangaa. "Ndivyo ilivyo," akasema, anakunja nepi. "Mwenye mtoto akichelewa hapewi muda wa ziada. Anakimbia." Nikazichukua zile nepi nikazikunja mimi.

Vikabaki vile saba. Jumatano hiyohiyo, kazi ilipokwisha, nilimwomba Bi Shimo anisomee. Namba zao ninazo kwenye bahasha. Bahasha huwa situpi. Daktari akasema haina haja, haziwezi kuingia kwenye hesabu. Nikasema najua, nataka kusikia. Bi Shimo akapekua. Shimo la sita, kinda alitoka mzima. La kumi na tisa, mzima. La hamsini, mzima lakini mdogo. La sitini na moja, kinda alikufa siku za mwisho, wazazi wakaendelea kurudi na chakula usiku tatu zaidi. Kwa jumla, sita kati ya saba walilea mpaka mwisho. Niliziandika namba zote saba kwenye karatasi nikaitia kwenye pochi, palipo na picha za watoto.

Alhamisi kwenye kamati niliketi nyuma. Mwakilishi wa wenye vyombo alikuwa bwana mnene mwenye sauti ya kuita watu gatini. "Wiki jana tulisikia tarehe kumi na tano ya mwezi wa nne," akasema. "Leo mnasema tarehe nane ya mwezi wa tano. Tukikutana tena mtasema mwaka mzima?" Watu wakacheka.

Daktari akasimama. Nilijua sasa nitanyooshewa kidole, na nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa shati la harusi. "Tulikosea," akasema. "Tulitupa vidude vya wazazi tukidhani ni vibovu, kwa sababu walikuwa gizani wamekalia mayai. Tukabaki na wasio na watoto, tukawaandikia tarehe yao. Jumanne tumegundua. Hizi hapa za wazazi." Hakunigeukia hata kwa jicho.

Yule bwana hakucheka tena. Akauliza, "Hao wazazi, wakati wanamaliza, wana hali gani?"

"Wamekonda," akajibu Bi Shimo kutoka kwenye kiti chake, bila kuruhusiwa. "Wamempa kinda kila kitu. Wakiona chambo hawaulizi."

Bwana yule alisugua kidevu. "Mabaharia wangu walikuwa wananiambia," akasema mwishowe. "Kwamba ndege wa mwisho wa msimu ndio wengi kwenye ndoano. Nikawaambia wanaota." Akavuta karatasi. "Tarehe nane ya mwezi wa tano. Wapi nasaini?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo. Sina aibu nalo. Mtu akiponea chupuchupu namna ile, akakuta kila aliyekuwa na haki ya kumkanyaga amempa mkono, afanye nini zaidi?

Msimu uliofuata nilimwambia Daktari nataka kwenda kisiwani. Akaniuliza mgongo umepona lini. Nikamwambia hakuna mgongo, ni bahari. "Najua," akasema. "Siku zote nilijua."

Safari ya nusu siku niliitapika yote. Nahodha alisema amebeba ng'ombe waliosafiri vizuri kuliko mimi. Bi Shimo alinipokea ufukweni, akaninywesha maji, akasubiri dunia iache kuzunguka, kisha akanyoosha mkono. Nikampa ile karatasi ya namba saba.

Tulitembea nyasi zinafika magotini, jua la saa sita kichwani, ardhi yote imetobolewa. Shimo la sita, hakuna aliyerudi. Bi Shimo akaniambia si lazima iwe mshipi; bahari ina mambo mengi. La kumi na tisa lilikuwa tupu pia. Nikaanza kujuta kuja. Kwenye la hamsini akapiga magoti, akainama, akasikiliza, akanisogezea nafasi. "Lala," akasema. "Mkono mpaka begani. Polepole."

Nikalala kifudifudi na shati langu safi. Nikaingiza mkono. Udongo ulikuwa wa baridi, kisha ukawa vuguvugu. Mbele ya macho yangu mlango wa shimo ulikuwa mweusi tititi mchana kweupe, na nikawaza kwamba kidude chochote humo kingeandika giza, na mimi ningesema kibovu. Kisha vidole vyangu vikagusa manyoya, na chini yake joto kubwa nisilolitegemea kwa kiumbe mdogo hivyo, na moyo unaopiga haraka kuliko saa yoyote niliyowahi kuifungua.

Akaning'ata. Hakuning'ata kwa mchezo. Alikishika kidole akakizungusha. Nikapiga kelele, Bi Shimo akacheka mpaka akakaa chini. "Shukrani ya punda," akasema.

"Mwache," nikamwambia. "Nilistahili."

Nikapapasa mguu wake kwa kidole kilichobaki kizima. Pete ilikuwepo. Pembeni ya pete palikuwa patupu, pale palipokuwa na kile kidude nilichokichinja kwa ajili ya betri. Aliutembea mwaka ule wote, gizani na baharini, na mimi ndiye niliyeifuta safari yake isijulikane na mtu. Naye alikuwa amekwenda tena na kurudi, na hakuwa na habari nami. Alikuwa na yai.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akaning'ata tena. Nikautoa mkono taratibu, nikamwacha akae.